Kura ya uhuru ikishahesabiwa: ulizie waliokaa kimya pia

SWALI: Natayarisha vipindi katika redio jamii hapa Pemba. Tumepewa nusu saa tueleze namna watu walivyoyapokea matokeo ya kura za maoni za uhuru, hasa ile ya Uskoti ya 2014. Nimekusanya picha na sauti nyingi, lakini kila nikizipanga napata hadithi mbili zisizokutana: hawa wanalia wameibiwa, wale wanacheza. Nimwamini nani, na nianzie wapi? Na wasikilizaji wakiniuliza habari za kwetu, niwajibu vipi?

JIBU: Ndugu mtangazaji, hizo sauti ziweke kando kwa siku moja. Chukua kalamu uandike namba nne za Uskoti za tarehe 18 Septemba 2014. Walioandikishwa walikuwa 4,283,392. Kura za Hapana, yaani tubaki na Uingereza, 2,001,926. Kura za Ndiyo, yaani tuwe nchi huru, 1,617,989. Zilizokataliwa 3,429. Redio na magazeti yalisoma asilimia 55.3 kwa 44.7, na hawakukosea, ila hizo ni asilimia za waliopiga kura tu. Msikilizaji wako aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa tungu mfanyie hesabu ya watu 100 walioandikishwa: 47 walisema Hapana, 38 walisema Ndiyo, 15 hawakwenda kituoni.

Ishike hiyo 38, maana utakutana nayo tena. Tarehe 1 Oktoba 2017 Catalonia, jimbo la Hispania, lilipiga kura ya uhuru ambayo Mahakama ya Katiba ya Hispania ilikuwa imeshaisimamisha. Serikali ya jimbo ikatangaza kwamba asilimia 90 wamesema Ndiyo. Asilimia 90 ukiisikia unaona nchi nzima imesimama. Lakini waliojitokeza, kwa hesabu ya serikali hiyo hiyo, ni 43 katika kila 100, kwa sababu upande wa Hapana ulisusa na polisi walivamia baadhi ya vituo na kuchukua masanduku. Ukifanya hesabu ya walioandikishwa, Ndiyo ya Catalonia ni 38 na ushei katika kila 100. Fungu ni lile lile la Uskoti! Kwa Waskoti fungu hilo lilishindwa likarudi nyumbani. Kwa Wakatalani lilitangazwa mshindi wa kishindo. Ndiyo maana wiki moja baadaye, tarehe 8 Oktoba, mitaa ya Barcelona ilijaa watu wengine kabisa, wamebeba bendera za Hispania. Aliyesoma asilimia 90 peke yake alishangaa wametoka wapi. Walikuwapo siku zote, ila kura hawakupiga.

Fanya hesabu hiyo kwa kura yetu ya 31 Julai 2010, ili msikilizaji asidhani ni mambo ya Wazungu tu. Waliokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa walikuwa asilimia 66.4 ya kura halali, na waliojitokeza karibu 72 katika kila 100. Kwa hiyo katika kila Wazanzibari 100 walioandikishwa, 46 hivi walisema Ndiyo, 23 walisema Hapana, na karibu 30 waliobaki ama kura zao ziliharibika ama hawakwenda. Nitawarudia hao 30.

Sasa zirudie sauti zako, na kila moja uiulize ilirekodiwa wapi. Uskoti ina halmashauri 32, na Ndiyo ilishinda katika nne tu. Glasgow, mji mkubwa kuliko yote, ilitoa asilimia 53.5 za Ndiyo, na Dundee 57.3. Edinburgh, mji mkuu, ilisema Hapana kwa asilimia 61. Mwandishi aliyesimama Glasgow asubuhi ya Ijumaa alizungukwa na watu ambao wengi wao wameshindwa, na aliyesimama Edinburgh alizungukwa na walioshinda. Kila mmoja alirekodi kweli ya mtaa aliosimama. Kosa linaingia pale sauti ya Glasgow inaposomwa kama sauti ya Uskoti. Isitoshe, Waskoti wengi wa Hapana hawakuwa watu wa kutoka na bendera. Aliyepiga kura mambo yabaki kama yalivyo hana sababu ya kwenda uwanjani kucheza, kwa hiyo kwenye kanda zako utamkosa, na usije ukasema hakuwapo.

Halafu iulize kila sauti ilirekodiwa saa ngapi. Hapa ndipo vipindi vingi vinapoharibika, kwa sababu hisia za siku moja zilibadilika mara tatu. Zipange kwa saa za hapa kwetu. Vituo vilifungwa saa sita usiku. Kiasi cha saa tisa na nusu usiku ilitangazwa halmashauri ya kwanza, Clackmannanshire, ndogo sana, ambayo kambi ya Ndiyo ilikuwa na matumaini nayo. Ikasema Hapana, na nyuso zikaanza kubadilika hapo. Saa mbili asubuhi Fife ilitangazwa, na kihesabu shughuli ikawa imekwisha. Vilio vilivyorekodiwa kati ya saa tisa na saa mbili ni vilio vya kushindwa basi, usivisome kama vilio vya wizi.

Hasira ni kitu cha baadaye, na chanzo chake ni kingine. Siku mbili kabla ya kura, viongozi wa vyama vitatu vikubwa vya Uingereza, akiwemo Waziri Mkuu David Cameron, walitia saini ahadi iliyochapishwa ukurasa wa mbele wa gazeti: mkisema Hapana, Bunge la Uskoti litaongezewa madaraka. Ijumaa asubuhi, kiasi cha saa tatu kwetu, Cameron akatoka mlangoni kwake na kusema ahadi itatimizwa, lakini sambamba nayo wabunge wa England wapewe sauti juu ya sheria za England. Kwa wengi waliosema Hapana kwa kuitegemea ahadi ile, hilo lilikuwa sharti jipya lililochomekwa kabla hata kura hazijapoa. Karibu na magharibi ya kwetu, Alex Salmond, kiongozi wa serikali ya Uskoti, akatangaza kwamba atajiuzulu. Usiku ule, katika uwanja wa George Square, Glasgow, kundi la wapenda muungano liliwavamia vijana wa Ndiyo waliokuwa wamekusanyika, na polisi wakakamata watu. Siku zilizofuata, wa Ndiyo walirudi uwanjani hapo hapo na mifuko ya vyakula kwa ajili ya masikini. Ukiipata kanda ya mifuko ile, itumie. Inaeleza zaidi kuliko kanda kumi za mayowe.

Nusu mwaka baadaye hisia ile ilikuwa imeshageuka kadi za chama. SNP, chama cha Salmond, kilikuwa na wanachama 25,000 hivi wakati wa kura. Ilipofika Machi 2015 walipindukia 100,000, na mwezi Mei chama kikachukua viti 56 kati ya 59 vya Uskoti katika Bunge la London. Walioshindwa kura walishinda uchaguzi. Kipindi kikiishia usiku wa matokeo, hili hulioni.

Kuhusu “tumeibiwa”. Usilicheke dai hilo na usilimeze, lipime. Kwanza, linganisha ukubwa wa dai na ukubwa wa tofauti. Uskoti tofauti ilikuwa kura 383,937. Zilizokataliwa nchi nzima zilikuwa 3,429, na kati ya hizo 2,554 hazikuwa na alama au hazikueleweka, 691 zilijibu mara mbili, 168 mpiga kura alijitambulisha, na 16 zilikosa alama rasmi. Hata wote hao ungewapa Ndiyo, matokeo yasingetikisika. Pili, jua kazi inavyofanywa. Ilisambaa sana video ya ukumbi wa Dundee, kura za Ndiyo zimelala juu ya meza iliyoandikwa Hapana. Wasimamizi walieleza kwamba karatasi zile zilikuwa zimewekwa pale tu, hazijapangwa bado. Uskoti kwanza huhakiki idadi ya karatasi zilizotoka sandukuni, kisha ndiyo huzigawa Ndiyo na Hapana.

Kwa msikilizaji wa Pemba lipo jambo la kuongeza hapa. Yeye amezoea kura kuhesabiwa kituoni, mawakala wanatazama, na fomu inabandikwa mlangoni. Uskoti masanduku hutiwa lakiri na kusafirishwa mpaka ukumbi mmoja wa halmashauri, na kituoni hakitangazwi chochote. Mtu wa kwetu akisikia sanduku limepandishwa gari usiku, anajua la kusema! Mweleze mapema kwamba kule huo ndio utaratibu wa kawaida, la sivyo atahukumu kwa kanuni za hapa.

Kipimo hicho hicho kinaweza kukwambia dai lina uzito. Quebec, Kanada, tarehe 30 Oktoba 1995, Hapana ilishinda kwa asilimia 50.58, tofauti ikiwa kura 54,288, na kura zilizokataliwa zilipindukia 86,000. Zilizokataliwa nyingi kuliko tofauti! Hapo swali si uvumi tena. Msimamizi mkuu wa uchaguzi alichunguza: njama ya jimbo zima hakuiona, lakini kulikuwa na vituo ambamo kura zilikataliwa bila sababu ya maana, na katika eneo la Chomedey zilifika karibu 12 katika kila 100. Usiku ule Jacques Parizeau, aliyeongoza upande wa Ndiyo, alisimama jukwaani akasema wameshindwa na pesa na kura za watu wa makabila mengine. Kesho yake alitangaza kujiuzulu, lakini neno lilishatoka, na wahamiaji wa Montreal walilishika kwa miaka. Salmond, kwa upande wake, alisema alfajiri ile ile kwamba anaukubali uamuzi. Tofauti ya mitaa ya Quebec na ya Uskoti asubuhi yake isome pamoja na hotuba hizo.

Na hapa tahadhari na lugha yetu. Tuna kukubali matokeo, kuridhika nayo, na kunyamaza, na watangazaji huyachanganya. Salmond alikubali, hakuridhika, na hakunyamaza hata siku moja. Mtu wa Barcelona aliyesusa hakukubali wala hakukataa, alinyamaza, na ukimya wake ulisomwa na kila upande kwa faida yake. Kabla ya kuandika “wananchi wameyapokea matokeo”, jiulize katika hayo matatu ni lipi.

Ningekuwa na nusu saa, robo yake ningeipa Maore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Ni jirani yetu, tuna ndugu wa asili ya Kingazija hapa Unguja na Pemba, na ni mfano ulio wazi wa kura moja kusomwa mara mbili. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vinne vya Komoro, Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, viliulizwa na Ufaransa kama vinataka uhuru. Jumla, karibu 95 katika kila 100 walisema Ndiyo. Maore peke yake, karibu theluthi mbili walisema Hapana. Sasa, unahesabu jumla au kisiwa kwa kisiwa? Swali hilo lilitakiwa lijibiwe kabla mtu wa kwanza hajashika karatasi. Halikujibiwa. Sheria ya Ufaransa ya Novemba 1974 ilitaja jamii za Komoro kwa wingi, na katika wingi huo kila mtu alisoma alichotaka. Julai 1975 Bunge la Ufaransa likataka katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, hakusubiri, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai. Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro Novemba mwaka ule ikiwa ya visiwa vinne. Tarehe 6 Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu katika Baraza la Usalama kulizuia azimio lililopinga kura nyingine Maore, na siku mbili baadaye Maore ikapiga kura tena: zaidi ya asilimia 99 wabaki na Ufaransa.

Ukimuuliza mtu wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, atakwambia kisiwa kimeibwa. Ukimuuliza mtu wa Mamoudzou, mji mkubwa wa Maore, atakwambia waliokolewa. Wote wanazungumzia masanduku yale yale, na ugomvi wao si wa kura kuongezwa. Usiwaache wasikilizaji wadhani watu wa Maore walipenda kutawaliwa bila sababu. Makao makuu yalikuwa kwao, Dzaoudzi, yakahamishiwa Moroni katika miaka ya 1960, na ajira na biashara vikafuata. Wanawake ndio waliosimama mbele. Walikuwa wakiwazingira viongozi waliotoka Moroni na kuwatekenya mpaka waondoke kisiwani. Ndiyo, kuwatekenya mbavuni. Ni silaha ambayo sheria haikuwa na kifungu chake.

Mapokezi ya kura ile hayajakwisha mpaka leo. Tangu 1995 mtu wa Nzwani anahitaji viza kuingia Maore, mwendo wa kilomita 70 hivi baharini, na wanaovuka kwa mashua za kwasa-kwasa wengi wamezama. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Ukipata familia Mjini au Wete yenye jamaa pande zote mbili, waulize harusi na misiba wanahudhuriaje. Hilo ndilo swali la kura ya maoni kwao.

Kutoka hapo, simu za wasikilizaji zitaingia kwetu zenyewe. Zitangulie kwa mambo mawili. La kwanza: kura ya maoni ya 2010 iliuliza kuhusu muundo wa serikali ya Zanzibar na haikugusa mamlaka ya nchi wala Muungano, atakayeitaja kama kura ya uhuru msahihishe kwa upole. La pili ni ile iliyopangwa 30 Aprili 2015 kuhusu Katiba Inayopendekezwa, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Sheria yake ilitaka zaidi ya nusu ya kura halali Tanzania Bara, na pia zaidi ya nusu Zanzibar. Yaani swali la Maore, jumla au upande kwa upande, lilikuwa limejibiwa kwenye sheria kabla ya siku ya kura. Uipende katiba ile au usiipende, jambo hilo lisemwe hewani.

Pia watauliza nani alistahili kupiga. Wapemba wanayajua maneno ya daftari na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwa hiyo wape hili: Uskoti walipiga wakaazi. Mpemba aliyekuwa akiishi Glasgow kwa kibali halali, kwa kuwa Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, aliweza kujiandikisha. Mskoti wa kuzaliwa aliyehamia London hakuweza. Na umri ulikuwa miaka 16. Subiri simu.

Timor Mashariki ya 1999 usiichanganye humu. Asilimia 78.5 waliukataa utawala wa ndani chini ya Indonesia, na matokeo yalipotangazwa tarehe 4 Septemba wanamgambo walichoma miji na kuua. Hiyo ni vita dhidi ya wapiga kura, na kuiita “mapokezi ya wananchi” ni kuwakosea waliokufa. Sudan Kusini ya 2011, asilimia 98.83 za Ndiyo, nayo inataka kipindi chake.

Kanda zako za mtandaoni zikague kwa bendera. Ya Uskoti ni buluu yenye msalaba mweupe wa kukata pembe kwa pembe. Ya wapenda uhuru wa Catalonia ina mistari ya manjano na myekundu, na pembetatu yenye nyota. Lakini Wakatalani wengi walikwenda Edinburgh kushangilia 2014, kwa hiyo nyota peke yake haitoshi. Tafuta bango, basi, sare ya polisi. Kanda isiyo na mahali na saa usiitumie, hata kama inakuliza.

Dakika zigawe hivi: nne za namba, nane za yale masaa ya Uskoti, tano za wizi na hesabu yake, nane za Maore, tano za simu. Sauti za hapa kwetu zisizidi sekunde 40 kila moja, na wote waulize swali moja. Ukiuliza “ulifurahi?” utapata ndiyo au hapana na shingo upande, uliza “kesho yake kilibadilika nini kwako?” Rekodi bandarini Mkoani, sokoni Chake, na kwa wanawake wa mwani wakati bamvua limetoa, si barazani tu. Baraza lina chama chake, na watu sita wa maskani moja ni sauti moja iliyorudiwa mara sita.

Na wale 30 wa 2010, mtafute mmoja. Yumo katika kila shehia, na kwa kuwa hakuna upande unaomdai, hakuna aliyewahi kumwekea kinasa sauti mbele. Muulize siku ile alikuwa wapi na kwa nini hakwenda, na umpe sekunde 40 zile zile.